Barua ya wazi kwa Gavana wa Kansas: mmoja hupunguza kodi, mwingine hulipa deni

Mheshimiwa Laura Kelly,
Gavana wa Jimbo la Kansas,
Topeka.

YAH: KUWEKA WAZI GHARAMA ZA SHERIA YA MWAKA 2025 YA KUSHUSHA KODI YA MAPATO

Mheshimiwa Gavana,

Ninakuandikia nikiwa mkazi wa Wichita, mmoja wa watu ambao vita vya mashariki mwa Kongo viliwafikisha katika jimbo lako. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi ninaotaka waisome barua hii pamoja nawe ni majirani zangu wanaolipa kodi ya Kansas kila siku bila kufuatilia yanayojadiliwa Topeka, makao makuu ya jimbo.

Kwanza nikupe shukrani unayostahili. Tangu tarehe 1 Januari 2025 jimbo halitozi tena kodi ya mauzo kwenye chakula. Kodi hiyo ilifika asilimia 6.5, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini Marekani, na ilimwelemea zaidi mwenye watoto wengi na mshahara mdogo, ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye unga, mchele, mafuta na maharage. Risiti za hapa Wichita bado zinaonyesha asilimia 1 inayokwenda kaunti, na wapo wanaomnunia mwenye duka kwa sababu hiyo, lakini nafuu tumeiona, na sina shaka kwamba sheria ya nafuu hiyo, uliyoitia saini mwaka 2022, ilikusaidia mwaka huohuo kurudi madarakani kwa tofauti ndogo ya kura katika jimbo ambalo Warepublican ndio wengi.

Hata hivyo, fedha zilizowezesha nafuu hiyo zina historia, na historia hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9 na kuondoa kabisa kodi hiyo kwenye faida za biashara ambazo mapato yake huhesabiwa kuwa ya mwenye biashara mwenyewe. Yeye mwenyewe aliiita jaribio, akiahidi kwamba uchumi ungekua na kuziba pengo. Waliotumia msamaha huo walizidi 300,000, wengi kuliko ilivyokadiriwa, na pengo halikuzibika. Fedha za barabara zikahamishiwa kwenye matumizi ya kawaida, michango ya pensheni za watumishi ikacheleweshwa, baadhi ya wilaya za shule zikafunga mwaka wa masomo wa 2015 kabla ya wakati, na mwaka huohuo kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, chakula kikiwemo. Kwa maneno mengine, mama anayenunua unga aliombwa afidie kile alichosamehewa mwenye kampuni.

Jambo ninaloomba ulitazame ni mpangilio wa miaka. Sheria ilipita mwaka 2012, na mwaka 2014, dalili za nakisi zikiwa zimeanza kuonekana, Brownback alichaguliwa tena, ingawa hakufika nusu ya kura. Ghadhabu ilikuja baadaye, hadi umaarufu wake ukashuka chini ya asilimia 30. Juni 2017 wabunge, wakiwemo wengi wa chama chake, waliitengua kura yake ya turufu na kurudisha sehemu kubwa ya kodi zilizofutwa. Waliopiga kura hiyo walijua kwamba hakuna anayeimbiwa nyimbo kwa kupandisha kodi. Wewe ulishinda mwaka 2018 na kukuta hazina iliyokwisha kuanza kupumua. Silisemi hili kukupunguzia sifa, maana ulilinda ulichokikuta kwa kuzipinga sheria kadhaa za kupunguza kodi, na mfuko wa akiba uliokuwa mtupu ulipoingia umevuka dola bilioni moja na nusu. Lakini kura zako za mwaka 2022 zilitokana kwa sehemu na uamuzi uliowagharimu wengine.

Yaliyotokea New Jersey hayakuwa tofauti. Gavana Jim Florio alipandisha kodi ya mapato na ya mauzo mwaka 1990 ili kuziba nakisi na kuzisaidia shule za wilaya maskini, na mwaka 1993 akashindwa kwa takriban asilimia moja tu na Christine Todd Whitman, aliyeahidi kupunguza kodi ya mapato kwa asilimia 30. Whitman alitimiza ahadi, na mwaka 1997 jimbo likakopa karibu dola bilioni 2.8 kwa ajili ya pensheni. Magavana waliomfuata, wa vyama vyote viwili, wamehangaika na pensheni hizo kwa miongo miwili na zaidi.

Kwa hiyo siamini, kama wanavyosema washauri wengi wa kampeni, kwamba wananchi huchukia kodi yoyote ile. California, mwaka 2012, Gavana Jerry Brown aliwapelekea wapiga kura pendekezo la kuongeza kodi ya mauzo kwa robo ya asilimia moja na kodi ya mapato kwa matajiri, huku bajeti ikieleza mapema kwamba likikataliwa zitakatwa takriban dola bilioni 6, nyingi zikiwa za shule na vyuo. Takriban asilimia 55 waliliunga mkono, na miaka miwili baadaye Brown alichaguliwa tena kwa asilimia 60 hivi. Watu walipewa bei na bidhaa kwa pamoja, wakachagua.

Ndipo ninapofika kwenye sheria ya mwaka 2025, iliyopitishwa baada ya Bunge kuitengua turufu yako. Kwa sheria hiyo, makusanyo yakivuka kiwango kilichowekwa, kodi ya mapato itashuka yenyewe, hatua kwa hatua, hadi asilimia 4 kwa wote. Haimlazimu mbunge yeyote kupiga kura tena siku ambayo nakisi itajitokeza, na katiba hairuhusu ukae muhula wa tatu mfululizo ili uulizwe.

Ninaomba, Mheshimiwa, kabla hujaondoka Topeka, uiagize ofisi yako ya bajeti itoe waraka mfupi unaosomeka na mtu wa kawaida, ukionyesha kila hatua ya kushuka kwa kodi itapunguza mapato kiasi gani, na upungufu huo ukitokea utafidiwa kutoka wapi: shule, barabara, huduma za afya au mfuko wa akiba. Utolewe pia kwa Kihispania na Kiswahili, nasi tutausambaza makanisani, misikitini na madukani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Wichita

Nakala: Wote wanaokitaka kiti chako.