Kijana wa uraka hakupandwa na majini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika, lakini ile habari ya kijana "aliyerukwa na akili", akafungwa kamba siku nne kwa mganga, sikuweza kuinyamazia.

Mwandishi wenu mwenyewe ameeleza kwamba kijana alikuwa akinywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, na gongo kila siku, mabibo yakaisha, fedha hana, akaacha ghafla, na siku ya tatu akaanza kuona wadudu ukutani. Mwandishi jibu alikuwa nalo mkononi, akaandika eti ni majini! Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Katika siku 2 za kwanza mtu anaweza kuanguka na kutikisika kama mwenye kifafa, na kati ya siku ya 2 na ya 4 huweweseka, hajui alipo, moyo unakwenda mbio, joto linapanda. Hali hii inaua. Mgonjwa huyu si wa kusubiri safari ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Ni wa hospitali ya karibu yenye kitanda, usiku huohuo. Apimwe malaria na sukari, maana malaria kali na sukari kushuka huleta kuweweseka kulekule. Apewe diazepamu, dawa ya kutuliza, chini ya uangalizi, na vitamini B1 ya sindano kabla ya maji ya sukari au pamoja nayo. Kamba humzidishia joto na kumkausha maji.

Swali la kwanza nyumbani ni moja: imeanza lini? Kuchanganyikiwa kulikoanza kwa saa au siku chache ni dharura, hasa pakiwa na homa. Mama aliyejifungua juzijuzi akaacha kulala na kusema yasiyoeleweka, naye ni wa hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Huzuni iliyokaa wiki 2 au zaidi, usingizi unakatika alfajiri, chakula hakipandi, shamba limeachwa, hiyo ianzie zahanati au kituo cha afya; ikishindikana, rufaa ya hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi. Dawa za huzuni huchukua wiki 2 hadi 4 kuleta nafuu. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai.

Na viuatilifu vya mikorosho je? Vinakaa chini ya kitanda anacholalia mtu aliyesema amechoka kuishi. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa kishindo na kupita. Chupa ikiwa mbali, wengi hupona. Vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima visimkabidhi mkulima sumu hiyo mpaka aonyeshe sanduku lenye kufuli, na nyumba yenye mgonjwa, ufunguo akae nao jirani.

Nanyi rudini kwa kijana yule, muandike alikuwa anaumwa nini, ukurasa uleule, herufi kubwa zilezile.

Muuguzi wa afya ya akili,
Newala