Mwanamke wa Važec ana kijiji chake

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala ya uchoraji wa Ulaya mliyoitoa toleo lililopita. Nimeifurahia, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuupa uchoraji kurasa mbili nzima. Kilichoniuma ni maelezo chini ya picha ya mwanamke wa Važec, kijiji cha Slovakia, kazi ya mchoraji Jan Hála: "Mkulima katika vazi la asili la Ulaya Mashariki." Basi. Mchoraji hakutajwa, kijiji hakikutajwa, na Slovakia yenyewe haimo. Picha ya mwanamke wa Lamu aliyevaa buibui ikiandikwa "vazi la Afrika", sote tungelalamika, na tungekuwa na haki.

Katika uchoraji wa uhalisia wa Slovakia, vazi ndilo linalobeba habari. Anza na kichwa. Msichana ambaye hajaolewa alikaa kichwa wazi, nywele zimesukwa mkia mmoja na kufungwa utepe. Siku ya harusi, wanawake walioolewa walimvua shada la bibi harusi, wakamkusanya nywele na kumvika čepiec, kofia ya kitambaa ya wake za watu, na tangu hapo hakutoka tena hadharani kichwa wazi. Rangi za nyuzi, mikunjo ya sketi, tarizi za mikono ya blauzi, vyote vilibadilika kutoka kijiji hadi kijiji, hata mtu akajulikana kwao ni wapi kabla hajafungua mdomo. Mchoraji akikosea hapo kichwani, amemwoza binti wa watu.

Umakini huo ulikuwa na sababu nzito. Waslovakia walikuwa chini ya ufalme wa Hungaria, na katika miaka ya 1874 na 1875 serikali ya Budapest ilizifunga shule zao za sekondari, kisha Matica slovenská, taasisi yao ya utamaduni iliyoanzishwa mwaka 1863. Taifa lililonyimwa shule kwa lugha yake likabaki linajitambua kwa yale ya nyumbani: nyimbo, ibada, nguo. Ndipo uzito wa kazi ya Jozef Hanula unapoonekana. Alizaliwa Liptovské Sliače, akasomea uchoraji Budapest na Munich, lakini watu aliowachora kwa heshima ni wale wa vijijini. Mwaka 1903 wachoraji wa aina yake, akiwemo Jaroslav Augusta, waliunda kundi lao wenyewe. Kwangu mimi huo ulikuwa ujasiri, japo silaha zao zilikuwa brashi na rangi.

Hála alikuja baadaye, na hata hakuwa Mslovakia; alikuwa Mcheki. Alihamia Važec, chini ya milima ya Tatra, mwaka 1923, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1959. Aliwachora majirani zake: akina mama na watoto, watu waliovalia kwenda kanisani. Mwaka 1931 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji kile cha nyumba za mbao. Picha alizochora kabla ya hapo zinaonyesha Važec ambayo haipo tena. Sasa maelezo yenu yamefuta hata jina lililobaki.

Sisemi kila picha iaminiwe ilivyo. Wengi wa wachoraji hawa walipenda mno nguo za Jumapili, Hála akiwemo, na mtazamaji wa mbali hudhani watu walivuna viazi wakiwa ndani ya tarizi zile. Hapo mchoraji mwingine, Dominik Skutecký, anatusaidia sana. Aliondoka Venice akahamia Banská Bystrica, akachora soko la mji huo mwaka 1889 kwenye jua kali la mchana. Na katika picha zake za karakana za shaba utawaona wafuaji wakiwa kazini, nguo zao ni za kazi, mwanga wa tanuri umewapiga usoni na kwingine kote ni giza. Mkiweka picha moja kati ya hizo kando ya ile ya Hála, msomaji atapata maisha yote mawili, ya Jumapili na ya Jumatatu.

Naomba toleo lijalo mchape masahihisho, mtaje Jan Hála, Važec na Slovakia. Na kila mtakapochapa picha ya namna hii, andikeni jina la mchoraji, mahali na mwaka, hata kama itabidi kupunguza mistari miwili ya makala.

Msomaji wenu,
Morogoro