Lameck, niletee utepe mfupi kabla ya kumbukumbu ya Mzee

Nkuhungu, Dodoma
9 Septemba 2025

Lameck ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, Mama goti linampa nafuu, watoto wako shule, na upepo wa Septemba umeshaanza na vumbi lake unalolijua. Nimekaa kimya tangu Pasaka, naomba unisamehe. Nakuandikia usiku huu kwa sababu jana saa nne usiku nimeisoma sauti ya Mzee. Nimeisoma, Lameck, imeandikwa kwenye skrini, na nyumba nzima imelala, sina hata wa kumwita aone.

Ile kadi ya picha imewaka. Ni ile RX 460 ya AMD tuliyoitoa kwenye kompyuta ya Mwalimu Saidi ilipokufa mazabodi. Nimeiunga na Raspberry Pi 5, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kitu ambacho wewe ulisema ni sawa na kufunga injini ya Fuso kwenye bajaji. Nikaandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyounganishwa, jina la kadi likatoka. Nikaipa programu ya Whisper, ile inayogeuza sauti kuwa maandishi, ile rekodi ya kwanza, ile tuliyorekodi pamoja chini ya mwembe kule Mvumi, ambayo ndani yake unasikika unakohoa. Mstari wa kwanza ukatoka: "Basi mama yangu alikuwa anasema, mwaka ule wa mtu nyaa". Mtu nyaa! Ni Mtunya, ndugu yangu, ile njaa ya wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mashine haijui Kigogo, lakini Kiswahili cha Mzee imekifuata neno kwa neno. Na pale aliposalimia "Mbukwenyi" imeandika "mbuga weni". Nilicheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi tu.

Zikapita dakika tatu, skrini ikaganda. Feni ya kadi ikapiga kelele kama pikipiki iliyokwama mchangani, na mfumo ukasema kadi haionekani tena.

Najua utasema nini, kwa sababu Yusta kashasema. Eti turudishe mchango wa watu, tununue kompyuta kamili, tuachane na hiki kibao kidogo. Ndiyo maana nataka unielewe kabla hajakupigia simu. Mlango wa Pi 5 ni mwembamba, sikatai. Ni njia moja tu ya PCIe, ule muunganisho wa kupitishia data za kadi, kizazi cha pili, inapitisha kama megabaiti 500 kwa sekunde, wakati kadi yenyewe ilizoea njia nane kwenye kompyuta ya Mwalimu. Kwa michezo hiyo ni shida, maana picha na data zinakwenda na kurudi muda wote. Kazi yetu haiko hivyo. Modeli ya wastani ya Whisper ni gigabaiti 1.5, inapita mlangoni mara moja tu na kukaa kwenye memori ya kadi, ambayo ni gigabaiti 4. Baada ya hapo kinachopita ni sauti ya Mzee, na sekunde moja ya sauti ni kilobaiti 32. Hata tundu la sindano lingetosha.

Kilichosumbua watu miaka yote ni draiva, programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi. Tangu 2020, ilipotoka Compute Module 4, Pi ya kabla ya hii, wamejaribu kadi baada ya kadi na mashine zinaganda, kwa sababu draiva ziliandikwa kwa kuzoea prosesa za kompyuta za kawaida, zinazovumilia data iandikwe kwenye memori ya kadi bila mpangilio. Prosesa za ARM, kama ya Pi, hazina uvumilivu huo. Lakini draiva ya AMD iko wazi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, mtu anaweza kuifungua na kuirekebisha, na mwaka jana Jeff Geerling wa Marekani alionyesha Pi 5 ikiendesha kadi kama hii yangu, na nyingine kubwa zaidi, ikiwa na kerneli iliyotiwa viraka. Mimi nimekompaili kerneli hiyo mara nne. Mara mbili umeme ulikatika katikati. Mara ya tatu nilisahau kuweka firmiwea, programu ndogo ya ndani ya kadi. Ya nne ndiyo hii ya jana.

Kwa hiyo draiva tumeshaivuka. Tatizo lililobaki ni utepe, na ndiyo hasa sababu ya barua hii.

Pi 5 haina sloti. Ina kitundu kidogo kinachopokea utepe bapa, na huo utepe ndio unaokwenda kwenye kibao chenye sloti ya kadi. Nilioagiza mimi kwa duka moja la Kariakoo una urefu wa shubiri nzima, na ishara za kasi ile zinachoka njiani. Nilipojaribu kizazi cha tatu, ambacho Pi 5 yenyewe haijathibitishwa kukifanya, kadi ilipotea ndani ya sekunde chache. Kwenye cha pili inakwenda dakika tatu. Nikiunyoosha mkunjo kwa kidole na kuushikilia, inakwenda saba. Nilikaa dakika saba nzima nimeushika kama mtu anayempima mgonjwa mapigo, mkono ukafa ganzi, nikauachia kidogo tu, ikapotea.

Nakuomba upite Kariakoo unitafutie mfupi, sentimita tano au chini ya hapo. Mwambie muuzaji ni utepe wa PCIe wa Raspberry Pi 5, wenye pini 16. Wa kamera una pini 22, asikupe huo, zihesabu mwenyewe kabla hujalipa. Chukua miwili. Hela nitakutumia kwa simu ukishaniambia bei.

Kuhusu umeme, najua lazima utauliza. Pi ina adapta yake ya wati 27. Kadi inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti, na Pi haiwezi kuibeba, kwa hiyo nimeipa pawasaplai ya ile kompyuta ya Mwalimu, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake. Kadi inawashwa kwanza, Pi baadaye, la sivyo Pi ikiamka haioni mtu. Feni nimeizungushia chandarua kwa ajili ya vumbi na kila jioni nakikung'uta.

Yusta pia anasema Pi peke yake ingemaliza kazi bila kadi yoyote. Nilijaribu: dakika kumi za sauti zilichukua karibu saa nzima. Tuna saa 31 za Mzee, yaani siku nane usiku na mchana. Tungevumilia kama ingekuwa mara moja. Lakini programu inakubali kupewa maneno mapema, Mtunya, Chilonwa, majina ya watu, ili iyatambue ikiyasikia, na Bi Penina kila akisoma ukurasa ananiongezea mengine matano, na kila tukiongeza inabidi kuanza upya. Na kupeleka sauti zile kwenye mashine za watu mbali, hapana. Ulikuwepo. Mzee alisema mambo ya ukoo yale ni ya kwetu, na nilimwitikia.

Kompyuta kamili ingefanya yote haya, kweli. Ila mchango uliobaki hautoshi nusu yake, na hiki tayari kimeongea. Nimekisikia.

Kumbukumbu ya mwaka ni Desemba. Nataka siku hiyo Mama ashike karatasi zilizochapwa, na Bi Penina asimame asome habari za Mtunya kama Mzee alivyozisimulia. Ndiyo maana nina haraka hivi.

Sasa niambie: Kariakoo utafika lini? Utakuja mwenyewe kwa treni, au utampa mtu? Ukija, utalala kwetu au kwa dada yako Chang'ombe? Zile rekodi mbili zilizobaki kwenye simu yako ya zamani bado zipo, au simu ulishaiuza? Unakumbuka yule mzee aliyekuwa akimkatiza Mzee kuhusu ng'ombe wa Bahi alikuwa nani? Sauti yake imo na hakuna anayemtambua, hata Mama. Na Yusta akikupigia, utamwambia angoje hadi utepe ufike?

Wako,
Yona