Majina ya watu hayakukatwa Ellis Island

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Wamarekani wenye asili ya Ireland nimeisoma yote na nimeipenda, ila kuna sentensi moja imenikera, ile ya kwamba karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, akishindwa kutamka jina la mgeni alikuwa anampachika lingine hapohapo. Hiyo stori kila mtu anayo na sio kweli, na nawaandikia manake mimi imenipotezea miezi mitatu ya maisha yangu.

Niko hapa Boston nabeba boksi kama wenzangu, kazi yenyewe kutunza wazee majumbani. Kuna bi mkubwa mmoja nnaemhudumia, miaka 88, kwao walikuwa wanasimulia kwamba bibi yake mzaa mama alitoka Ireland 1888 akiwa O'Sullivan, akashukia Ellis Island, karani akaifyeka ile O akabaki Sullivan mpaka anazikwa. Akanambia wewe si unajua kompyuta, nitafutie hiyo meli. Nikajua ni kazi ya jioni moja.

Basi kila nikimaliza kumlisha nafungua kompyuta, natafuta O'Sullivan wa Ellis Island, hola. Mwezi wa kwanza hola, wa pili hola. Wa tatu ndo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza: hivi hiki kituo kilifunguliwa lini? 1 Januari 1892! Sasa mtu wa 1888 alishukia wapi? Waliokuja kupitia New York wakati huo walipokelewa Castle Garden, kituo cha kabla ya hicho, na alafu nani kasema kila Muairishi alipita New York, wakati meli za Cunard zilikuwa zinatoka Liverpool zinapitia Queenstown, bandari ya Ireland (siku hizi panaitwa Cobh), kubeba watu kisha zinakuja moja kwa moja hapahapa Boston.

Na kuhusu karani. Orodha ya abiria ilikuwa inaandikwa na watu wa meli, tangu sheria ya 1819 nahodha alitakiwa aikabidhi kwa forodha akifika, na wale wa Ellis Island walikuwa wameshika karatasi ambayo tayari imeandikwa, wanamuuliza mtu maswali wanaoanisha na kilichopo. Na hivi Sullivan lina ugumu gani wa kutamka? Zile O na Mac za mwanzo wa majina familia nyingi zilishaziacha hukohuko Ireland chini ya Waingereza, miaka mingi kabla ya hizi meli, na wengine walikuja kuzirudisha baadae wenyewe.

Nikaachana na meli nikaanza na huku alikoishia, na ndo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kutafuta: meli iwe ya mwisho. Sensa ya Marekani ya 1900 ina safu inauliza mtu kaingia nchini mwaka gani, yake inasema 1887. Cheti cha kifo kikanipa majina ya wazazi. Kaburini kumechongwa kaunti ya Kerry na parokia aliyozaliwa, na hapo ndo nikagundua kitu kingine, nyumbani wote wanamjua kwa Nora kumbe jina la ubatizo ni Honora.

Honora Sullivan, Boston, 1887, nikampata usiku uleule. Miaka 19, mtumishi wa ndani, mzigo mmoja, nchi Ireland. Kijiji hakuna, orodha za miaka ile haziulizi kijiji, kwa hiyo bila lile kaburi ningebaki na Honora kumi nisijue yupi wetu. Nikamwonesha bi mkubwa, nikawa nasoma ukurasa mzima sio mstari mmoja, mistari miwili chini kuna Sullivan mwingine, mwanaume, miaka 22. Bi mkubwa akasema huyo ni kaka yake, lakini sisi tuliambiwa alikuja peke yake. Akaweka kidole juu ya lile jina, hakukitoa mpaka skrini ikazima.

Ubatizo wenyewe upo pia, vitabu vya parokia za Katoliki vimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ireland. Hivyo vilipona kwa sababu vilikuwa makanisani, maana nyaraka za serikali nyingi ziliungua 1922 pale Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin.

Alafu kama mtasahihisha la majina, sahihisheni na la Annie Moore, yule binti wa Cork, Ireland, aliyekuwa wa kwanza kupokelewa Ellis Island. Mmeandika alikuwa anatimiza miaka 15 siku ile, ndivyo yalivyoandika magazeti ya wakati ule, lakini alikuwa na 17. Na yule Annie Moore wa Texas mliyemsimulia siye, yule alizaliwa hukuhuku Marekani, jambo hilo lilijulikana 2006. Wa kweli hakwenda popote, aliolewa na kufia New York 1924, na kaburi lake kule Calvary, Queens, lilikaa bila jiwe mpaka 2008.

Msomaji wenu,
Boston, Massachusetts