Kijana akiitwa Ulaya kucheza raga, tuandikieni mkataba wake una nini

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu kutoka Chang'ombe, Dodoma, ambako jua limekausha kila kitu na sisi tunangoja mvua. Nina jambo moja kuhusu kurasa zenu za michezo. Kijana wa Afrika akiitwa na klabu ya raga ya Ulaya, mnaandika kwa furaha: fulani aula, fulani atua Ufaransa, fulani amwaga wino. Picha inakuwa kubwa, ameshika jezi. Nasoma hadi mstari wa mwisho nikitafuta mkataba wenyewe una nini, siukuti. Naomba muanze kuuandika.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala ya mahakama. Nilipokea majalada, nikayapanga, nikawaita watu kesi zao zilipofika. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakilia kwa ajili ya karatasi waliyoiwekea sahihi bila kuisoma: shamba limekwenda, nyumba imekwenda, dhamana ya mkopo wa shemeji imegeuka deni lao. Kwa hiyo karatasi yoyote ikiingia nyumbani kwangu naivalia miwani.

Iliyoingia mwaka huu ilihusu raga. Nina kijana wa miaka 17, mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mimi na mimi ndiye mama yake mkubwa. Alijifunzia raga Arusha alipokuwa shule ya bweni. Arusha mchezo huo una wenyewe, kuna Arusha Rhinos, watoto wanaona wakubwa wakicheza. Hapa kwetu hali ni tofauti. Alipomaliza kidato cha nne akarudi nyumbani, akakusanya wenzake wachache, wakaanza kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Nkuhungu. Nyasi hakuna. Jioni anarudi mwekundu kama ametoka kufyatua matofali, magoti yamechubuka, mpira kwapani. Majirani humuuliza kwa nini asicheze mpira wa miguu, Dodoma Jiji si wako hapahapa? Anacheka tu. Nilikwenda kumtazama siku moja nikiwa na wasiwasi wa kizee. Nikamwona anamkaba jamaa mkubwa kuliko yeye, amejikunja chini kabisa kwenye mapaja, kichwa amekiweka pembeni kama alivyofundishwa, akamwangusha na kuinuka kabla yake. Mimi si mtaalamu, lakini mtoto anayejua anachokifanya nilimtambua.

Kwenye simu yake ana picha ya Henry Pollock, mchezaji wa klabu ya Northampton ya Uingereza. Kijana yule amezaliwa 2005. Machi 2025 aliingia kutoka benchi kule Cardiff katika mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya Uingereza, akafunga trai mbili (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), na mwaka huohuo akasafiri na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, kwenda Australia, mdogo kuliko wote kwenye msafara. Mwanangu akinisimulia habari hiyo macho yanawaka. Nami nafurahi naye. Ila nilimwambia atazame pia kule Pollock alikopitia: alilelewa katika akademi ya Northampton huku akisoma, nchini mwake, kwa lugha yake. Akiumia, mama yake anafika siku hiyohiyo. Wa kwetu anapanda ndege kwenda mahali asipojua hata kuomba maji.

Basi akajitokeza bwana mmoja kwenye simu. Alisema ameona video ya mwanangu, na kwamba klabu moja ya Ufaransa ina nafasi kwenye kituo chake cha vijana. Alitaka pasipoti na ada ya kufungua faili. Nyumba ikachangamka. Mjomba wake kule Mvumi akasema atauza ng'ombe. Watu wakaanza kutupongeza hata kabla hatujajua klabu yenyewe ni ipi. Nikaomba mkataba. Zikaja kurasa mbili za Kifaransa, nikazipeleka kwa mwalimu mmoja wa lugha hiyo anisomee taratibu, neno kwa neno. Kulikuwa na jina la kijana, maneno mengi ya ahadi, na nafasi ya sahihi. Bima haikutajwa. Shule haikutajwa. Hapakuwa na neno hata moja juu ya nani anamlipia tiketi ya kurudi akiachwa. Nikamwandikia bwana yule maswali yangu. Alinijibu, "Mama, unamchelewesha mtoto." Baada ya hapo hakupokea simu tena.

Tangu hapo nimesoma, nikisaidiwa na yule mwalimu, na niliyoyaona ningependa wasomaji wenu wayajue.

Kwanza, kwa nini klabu za Ufaransa zinamtaka mtoto wa miaka 17 kutoka mbali wakati wanao wao? Ligi yao kuu, Top 14, ina kanuni inayoitwa JIFF. Inazitaka klabu ziwe, kwa wastani, na wachezaji 16 waliolelewa Ufaransa katika kikosi cha wachezaji 23 cha siku ya mechi, na klabu isiyofikisha inaadhibiwa. Lakini kanuni hiyo haiangalii pasipoti. Inaangalia malezi: kijana akae miaka mitatu kwenye kituo cha mafunzo kilichoidhinishwa, au awe na leseni ya shirikisho la Ufaransa kwa miaka mitano, akiwa bado na umri mdogo. Mtoto wa Fiji akichukuliwa mapema anahesabiwa kama amezaliwa Toulouse. Ndiyo maana klabu ya Clermont ya Ufaransa ilikwenda kuweka akademi Nadroga, kulekule Fiji. Noa Nakaitaci na Alivereti Raka waliondoka Fiji wakiwa vijana, wakapitia Clermont, na mwisho wakavaa jezi ya taifa la Ufaransa. Hao wawili walifanikiwa, na sina neno nao. Ninachosema ni kwamba umri wa mtoto una thamani kwa klabu, na mzazi anayejua hivyo hatoi ada kwa mtu yeyote. Anayehitaji ndiye anayelipa.

La pili lilinifanya nisome mara mbili. Sheria ya michezo ya Ufaransa inamtaka wakala awe na leseni ya shirikisho, na malipo yake yasizidi asilimia 10 ya mkataba. Na mchezaji akiwa hajafikisha miaka 18, wakala haruhusiwi kulipwa chochote kwa mkataba wake. Chochote! Kwa hiyo mtu anayemdai ada mtoto wa miaka 17 kwa ajili ya klabu ya Ufaransa anajitaja mwenyewe kuwa ni nani. Laiti mngeandika sentensi hiyo moja chini ya kila habari ya kijana aliyetua, ng'ombe wengi wangebaki mazizini.

Kuna pia suala la kibali. Kwa kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, mchezaji hasajiliwi na shirikisho la nchi nyingine mpaka chama cha nchi anayotoka kitoe kibali kwa maandishi. Maana yake chama chetu cha raga lazima kijue. Kanuni hizohizo zinakipa chama au klabu iliyomfundisha mchezaji kati ya miaka 17 na 23 nafasi ya kudai fidia ya malezi anapopata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje. Mtu akikuambia jambo liende kimyakimya, chama kisihusishwe, ujue kuna watu anaokwepa kuwalipa. Na wanaopunjwa ni walewale waliomfundisha mtoto bure na kumpa viatu.

Mhariri, naomba nikae kidogo kwenye suala la kuumia, maana ndilo linaloninyima usingizi. Raga ni mchezo wa miili kugongana. Mwaka 1995, katika Kombe la Dunia, Max Brito wa Ivory Coast alianguka chini ya wachezaji kwenye mechi dhidi ya Tonga pale Rustenburg, Afrika Kusini. Shingo ilivunjika, akapooza, akaishi hivyo hadi alipofariki 2022. Mchezo huo ulitangazwa kuwa wa kulipwa Agosti ya mwaka uleule alioumia. Majanga ya namna hiyo ni machache, nashukuru Mungu, lakini goti si jambo chache. Kano za goti zikikatika ni upasuaji, na miezi tisa hivi au zaidi ya kukaa nje. Mtoto aliyeko kituoni, asiye na mkataba wa kulipwa, nani anagharamia? Analala wapi wakati huo? Viza yake ikiisha akiwa na magongo je? Haya si maswali ya uchuro. Karani yeyote angeyauliza.

Na klabu yenyewe inaweza kufa. Wengi huku tunadhani klabu ya Ulaya ni kama serikali, ipo tu. Worcester Warriors walikuwa ligi kuu ya Uingereza. Oktoba 2022 mahakama ikaamuru kampuni iliyowaajiri wachezaji ifilisiwe, na mikataba ikafa siku hiyohiyo. Mwezi huohuo Wasps, mabingwa wa Ulaya wa 2004 na 2007, wakaingia mikononi mwa wafilisi na watu 167 wakapoteza kazi. Juni 2023 ikawa zamu ya London Irish kutolewa ligini. Ligi ikabaki na klabu 10. Mchezaji Mwingereza alirudi kwa wazazi wake. Mgeni anarudi wapi?

Simzuii mwanangu. Nataka aende, tena nataka nimwone kwenye televisheni nikiwa hai. Lakini nimeona wanaofika vizuri wana desturi ya kupanda ngazi kwa hatua. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alipokwenda Toulouse, klabu kubwa ya Ufaransa, 2017 alikuwa ameshacheza ligi kubwa ya kwao na kuvaa medali ya shaba ya Olimpiki ya 2016. Alikaa mezani akiwa na cha kuuza. Tendai Mtawarira alitoka Harare akaenda Durban kwa Sharks, nchi jirani, akachezea Afrika Kusini mechi 117 na kutwaa Kombe la Dunia 2019. Na hapa jirani zetu, Philip Wokorach wa Uganda alijulikana kwanza na timu yake ya taifa ndipo akaenda Bédarrides, klabu ya ngazi ya chini kusini mwa Ufaransa, kwenye mashamba ya zabibu kama ya kwetu Hombolo na Makutupora. Klabu za ngazi hiyo ndizo nyingi. Sio kila anayekwenda Ufaransa anakwenda Toulouse, na hilo nalo mngetuandikia: klabu iko ligi ya ngapi, inalipa mshahara au inatoa chumba na chakula tu.

Sisi tumeshakubaliana nyumbani. Kijana anarudi Arusha kuendelea na masomo na kucheza. Akikomaa atatazama Nairobi, ambako ligi ya Kenya Cup ina timu kama KCB na, kule Kakamega, Kabras Sugar. Basi la kwenda huko tunalimudu. Mjomba wa Mvumi amesema ng'ombe yule sasa ni wa ada ya shule.

Kwenu nyinyi ombi langu ni la kazi yenu. Mwandishi anapompigia simu kijana aliyesaini, amuulize mkataba ni wa miaka mingapi, ni wa kulipwa au wa mafunzo, bima inafunika nini, shule anasoma wapi, wakala ana leseni ya nani, na chama kimetoa kibali lini. Akikataa kujibu, andikeni kwamba amekataa. Waulizeni pia maofisa michezo wa mikoa, Dodoma ikiwemo, kama wanajua watoto wao wangapi wameahidiwa Ulaya. Na Baraza la Michezo la Taifa liulizwe mzazi wa Kongwa au Kondoa apeleke wapi karatasi ya namna hii ikaguliwe bure, maana si kila nyumba ina karani mstaafu na si kila kata ina mwalimu wa Kifaransa.

Zile kurasa mbili ninazo bado, nimezitia kwenye jalada. Nakala naiambatanisha na barua hii. Futeni jina la mtoto, halafu mkiona inafaa, zichapisheni zote kama zilivyo, ili mzazi mwingine akitumiwa mfano wake aitambue.

Karani mstaafu wa mahakama,
Chang'ombe, Dodoma
(Jina langu mnalo)