Risala ya Wanafunzi Wakatoliki wa Mawasiliano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni

Mhashamu Baba Askofu, mgeni rasmi wetu,
Mkuu wa Chuo, Padre Mlezi, wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Tunakushukuru, Baba, kwa kuacha shughuli nyingi za jimbo ukaja kuadhimisha nasi siku hii. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ndio walioiagiza, katika namba ya 18 ya Inter Mirifica, hati yao kuhusu vyombo vya upashanaji habari, ya tarehe 4 Desemba 1963, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Mei 1967, wakati wa Papa Paulo VI.

Hati hiyo ina namba 24 tu. Mtu anaimaliza kwa kikao kimoja. Hata hivyo, wengi wetu tulifika mwaka wa pili tukiisikia darasani bila kuisoma, kwa kuwa maktaba ilikuwa na nakala moja, nayo imeng'oka kurasa. Mwenzetu mmoja akaikuta kwenye tovuti ya Vatikano, akaipakua kwa bando la usiku, na asubuhi akaturushia kwenye kundi la WhatsApp. Kumbe muda wote ilikuwa pale, bure.

Tangu hapo tumejijengea mazoea. Ujumbe wa Baba Mtakatifu kwa siku hii hutolewa tarehe 24 Januari, kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, nasi tunausoma pamoja. Vatican News ya Kiswahili imetufundisha kuandika habari za Kanisa kwa lugha inayoeleweka na watu wetu.

Tumejifunza pia kupima tunachokiokota. Ensaiklopidia Katoliki ya Kiingereza, ambayo wanafunzi wengi huikimbilia mtandaoni, ilichapwa New York kati ya 1907 na 1912. Kwa historia ya watakatifu ni hazina. Lakini anayeitegemea kwa habari za liturujia au uhuru wa dini anaeleza Kanisa la kabla ya Mtaguso, na wenzetu kadhaa wamerudishiwa kazi zao kwa sababu hiyo.

Mhashamu Baba, Kwaresima iliyopita tulitoa semina katika parokia moja. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, alisimama, simu mkononi, akauliza kama kweli Papa ametamka maneno aliyotumiwa. Tuliketi naye kwenye benchi, tukafungua tovuti ya Vatikano, tukatafuta hotuba ya tarehe iliyotajwa. Hotuba ilikuwepo, maneno yale hayakuwemo. Tulimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hii nayo nitaitumaje kwa jumuiya yangu?" Tukabaki kumwonyesha mpaka akaweza.

Swali la mama yule ndilo lililotusukuma kuleta maombi yetu. Kwanza, tunaomba kompyuta moja ya kuhifadhi hati za Kanisa ndani ya maktaba, ili mwanafunzi asiye na bando azisome kupitia mtandao wa ndani. Pili, tunaomba utusemee kwa uongozi ili maktaba ijiandikishe Research4Life, inayozipatia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kitaaluma bure au kwa gharama ndogo. Tatu, na hili tunaliomba kwa moyo wote, utupatie padre wa kukagua mihtasari ya Kiswahili tunayotaka kuandaa kwa ajili ya jumuiya ndogo ndogo. Tunaweza kuandika, lakini hatutaki kupeleka kwa waamini fundisho lenye kosa letu.

Kwa upande wetu, wanafunzi kumi na wawili wameshajiandikisha kwa kazi hiyo, na muhtasari wa Inter Mirifica uko tayari. Tunakukabidhi nakala ya kwanza, Baba, uisahihishe kwa kalamu yako.

Tunaomba kuwasilisha.