Neti haina meno, shoga yangu

Malindi, Julai

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, upepo wa kusi tu ndio hautupi nafasi, na mama anakusalimu sana.

Nimesoma uliyoniandikia juu ya mwenzako wa huko Nairobi, kwamba kila mkicheza tenisi wawili wawili anakunung'unikia kwa vile hukai wavuni. Kocha naye anakwambia "usiogope" basi. Mimi naona hajakusaidia kitu. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Ukisimama nyuma kabisa unapata muda wa kuutazama mpira, kuwaza, hata kubadili nia. Ukisogea wavuni muda huo unakatika karibu nusu, na wewe bado unataka kuuzungusha mkono vilevile ulivyozoea kule nyuma. Utawahi wapi? Lazima uogope.

Huku kijana anayetufundisha kwenye uwanja wa hoteli aliniambia niweke raketi chini kwanza. Akanisimamisha hatua mbili kutoka wavuni, akawa ananirushia mipira niidake kwa kiganja. Nilicheka, nikaona mchezo wa watoto. Lakini mipira yote niliidaka mbele ya uso, wala sikuurudisha mkono nyuma hata kwa mmoja. Kisha akanipa raketi, akataka niishike kooni, karibu na nyuzi, niikinge mipira vilevile. Mkono ukazoea ndipo nikauteremsha hadi kwenye mpini. Shika kama unavyoshika nyundo, na mshiko huohuo utumie kulia na kushoto, maana pale mbele huna nafasi ya kuubadilisha. Kichwa cha raketi kikae juu ya kifundo cha mkono, kisipite nyuma ya bega. Nguvu anayo aliyeupiga mpira. Wewe unamrudishia yake.

Miguu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mpinzani anapoanza kuutupa mkono wake kupiga, ruka kidogo, utue kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea. Hata kama hujafika ulipokusudia, tua hapohapo. Ukipigiwa ungali mbioni hugeuki tena.

Halafu uache kukaa karibu na ule mstari wa kuanzishia, ule wa ndani ya uwanja, si wa nyuma kabisa. Mstari huo uko mita 6.40 kutoka wavuni, na mipira inayofika pale mingi huwa imeshashuka, inakukuta vifundoni. Sogea mbele, nusu ya njia, uukute mpira ungali juu ya wavu. Mwoga husimama mbali akidhani ndiko salama, kumbe huko ndiko kwenye kazi ngumu. Ila wavu wenyewe usiuguse, kwa raketi wala kwa nguo, pointi itakuwa imekwenda. Na usiufuate mpira upande wa pili kabla haujavuka.

Utapitwa, hilo nalo ulijue. Mtu akikupitishia mpira sawasawa na mstari mpigie makofi, kisha umwache ajaribu tena. Mara nyingi wa pili unatoka nje.

Sasa nikupe siri ya huku kwetu. Uwanja wetu umelazwa kaskazini na kusini, kama viwanja vingi, ili jua lisimchome mtu machoni. Kwa hiyo msimu huu upepo unapita uwanja kwa urefu wake. Nikiwa upande wa kusini, upepo u mgongoni mwangu, nakimbilia wavuni bila kujiuliza: wapinzani wakijaribu kunirushia mpira wa juu unasukumwa na upepo, unadondoka mfupi, nami naugonga chini. Tukibadilishana upande nakuwa mpole kidogo, kwa kuwa mipira yao sasa inakuja na upepo na kasi yake si ya mchezo. Kaskazi ikianza mambo yanageuka kinyume. Na mtandio uubane kwa pini, tafadhali. Ukikufunika uso mpira ukiwa njiani, huo si uoga tena.

Unamkumbuka Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi mwaka 2022 pale Wimbledon, kwenye mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza? Yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walichukua taji la wasichana wawili wawili, na pointi za mwisho za kuamua mshindi zilikuwa 11-9. Kwenye mchezo wa wawili wawili, ukimwachia mpinzani wavu umemwachia uwanja. Mwenzako hanung'uniki bure.

Ukija likizo ya Agosti niarifu siku utakayopanda basi, nikuwekee nafasi ya asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Tutasimama sote wavuni, wewe upande huu na mimi ule, tupigiane taratibu bila mpira kugusa chini. Na usije mikono mitupu: niletee mipira mipya, hii yetu imenyonyoka manyoya yote.

Wako,
Zuhura